Imeili ileile kwa bosi wa haraka, mhasibu, mtu wa stori na yule mkimya: jinsi ya kuipanga ili kila mmoja ajibu

Unatuma imeili moja Jumatatu asubuhi kwa watu wanne ofisini. Wa kwanza anajibu "ok" chai yako haijapoa, wa pili anarudisha maswali saba tena ameyawekea namba, wa tatu anakupigia simu mnaongea harusi ya juzi mpaka mnacheka na ukimuuliza habari ya imeili anasema "aa hiyo sijaifungua, we niambie tu", wa nne kimya mpaka Ijumaa, mkikutana kwenye korido anakwambia "niliiona". Hapo wengi wetu tunaanza kulalamika, fulani ana dharau, fulani anasumbua, fulani hajui kazi. Mara nyingi wala hakuna dharau yoyote, ni vile tu umewaandikia wote kwa jinsi wewe mwenyewe unavyopenda kusoma.

Sasa kabla hatujaenda mbali niweke hili wazi maana kuna watu wakisikia kubadilisha imeili kulingana na mtu wanadhani ni unafiki. Habari haibadiliki, hela haibadiliki, tarehe haibadiliki. Kinachobadilika ni kipi kinatangulia, maelezo yawe kiasi gani, salamu iwe ya namna gani na ombi lako ulikalishe wapi. Ukianza kumwambia bosi kitu kimoja na mhasibu kitu kingine hiyo sasa ni kesi nyingine, na imeili zinasambazwa, watakuja kuzilinganisha.

Haya makundi manne utakuwa umeyasikia kwenye semina za HR, mnajazishwa fomu, unatoka na herufi yako, D, I, S au C, DISC wanaiita. Mzizi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani William Moulton Marston aliyeandika nadharia yake mwaka 1928, huyohuyo ndiye baadaye akambuni Wonder Woman wa kwenye vikatuni, na cha kuchekesha fomu zenyewe za kujaza hakuzitunga yeye, zilitungwa na watu wengine baadaye. Wanasaikolojia wengi wa leo hawapendi kumwekea mtu herufi moja, wanapima tabia kwa kiwango, huyu mpole zaidi, yule kidogo, na ndivyo watu walivyo. Kwa hiyo yachukue haya makundi kama njia ya kuanzia tu. Usiende ukamwambia mtu "wewe ni D, mtu wa kutawala, ndio maana uko hivyo", utachukiwa bure.

Na fomu yenyewe huihitaji. Fungua inboksi, tafuta jina la huyo mtu, soma imeili zake tano sita za mwisho alizoandika mwenyewe (za kusambaza usihesabu). Anasalimia au anaingia moja kwa moja? Ombi lake liko mstari wa kwanza au wa mwisho? Anaandika tarehe na namba kamili au anasema "wiki ijayo hivi"? Anaweka viambatanisho? Anajibu kila swali ulilouliza au la kwanza tu? Hilo la mwisho liangalie vizuri, kama kila ukimuuliza maswali matatu anajibu moja basi huyo anasomea kwenye simu, pengine yuko kwenye foleni Ubungo, na dawa yake ni swali moja kwa imeili moja. Watu wanaandika jinsi wanavyotaka kuandikiwa, ndivyo nilivyoona mimi, hata yule asiyejijua.

Tuchukue jambo moja la kweli tulipitishe kwa wote wanne, tuseme wewe ni afisa utawala wa kampuni Dar, jenereta la ofisi la kVA 60 linawaka lakini ukiliwekea mzigo linazima, fundi kaja kaangalia kaandika kwotesheni, na nyingine mbili unazo za kulinganisha, unataka idhini na unataka kazi ifanyike Jumamosi.

Bosi wa haraka

Huyu anasoma kichwa cha imeili na mistari miwili, basi. Kwenye simu hata hiyo miwili haionekani yote kabla hajaifungua. Kwa hiyo ombi, hela na siku ya mwisho vikae kwenye kichwa cha imeili:

Kichwa: Naomba idhini kabla ya Alhamisi saa 10 jioni – matengenezo ya jenereta, Sh 4,720,000

"Habari za asubuhi Mkurugenzi,
Naomba idhini ya kutengeneza jenereta kwa Sh 4,720,000 pamoja na VAT. Tukithibitisha kabla ya Alhamisi saa 10 jioni fundi anafanya kazi Jumamosi, Jumatatu tunakuwa na umeme wa akiba. Tukichelewa fundi anaenda kazi nyingine, anapatikana tena baada ya wiki mbili.
Fainansi wana kwotesheni zote tatu. Mimi napendekeza tuendelee. Ukijibu 'endelea' inatosha."

Imeisha. Angalia hakuna historia ya lini jenereta lilianza kukohoa, nani aliwahi kulishika, fundi wa kwanza alisema nini. Anataka kujua hayo? Atauliza. Na usimwulize "unaonaje bosi?" maana hapo umemrudishia kazi yako, mpe pendekezo akubali au akatae. Salamu usiifute kabisa, nimeona vijana wakisoma makala za Wazungu kwamba bosi wa haraka hataki salamu, basi wanaanza "Naomba idhini..." kavu kavu, kwetu hiyo inasomeka kama umekasirika. Mstari mmoja wa habari za asubuhi haujawahi kumchelewesha mtu.

Habari mbaya kwa huyu bosi inakaa juu, palepale baada ya salamu, na inayofuata ni ulichokwisha kufanya. "Jenereta limezima tena leo saa 5, seva ziko salama kwenye betri, fundi yuko njiani." Ukianza kuzungukazunguka, mara ooh kama unavyokumbuka mwezi uliopita, mara kutokana na hali iliyojitokeza, atakuwa ameshakupigia simu na hiyo simu hutaipenda. Na akikujibu "ok" au "kwanini?" bila jina lako bila chochote usijitie unyonge, ndivyo anavyowajibu wote, mpaka mkewe nadhani.

Mtu wa namba

Mhasibu, mkaguzi, mtu wa manunuzi, injinia wengine pia. Huyu ukimtumia ile ya bosi anaona unamficha kitu. "Mimi napendekeza tuendelee" kwake haina maana, umependekeza kwa vigezo gani? Yeye ndiye atakayekaa na wakaguzi wa nje mwisho wa mwaka, wewe hutakuwepo hapo, kwa hiyo mwandikie imeili ambayo hata akiichapisha na kuipiga pini kwenye vocha inajitosheleza.

Kichwa: Matengenezo ya jenereta kVA 60 – kwotesheni 3, mchanganuo na pendekezo

"Habari CPA,
Nimeambatanisha kwotesheni tatu. Kwa bei kamili pamoja na VAT: A Sh 4,720,000, B Sh 5,310,000, C Sh 4,484,000.
Napendekeza A. C ni nafuu kwa Sh 236,000 lakini hana garantii ya vipuri, A anatoa miezi 6. B ana garantii ileile ya A ila ni ghali zaidi.
Mchanganuo wa A: vipuri 2,800,000, ufundi 1,200,000, jumla 4,000,000, VAT 18% ni 720,000. Kodi ya zuio ya 5% kwenye ufundi ni 60,000, tutaikata sisi. TIN na VRN ziko kwenye kwotesheni, risiti ya EFD atatoa siku ya malipo.
Ambacho bado sina: ripoti ya fundi yenye sahihi, ameahidi kesho mchana. Nitaituma kwenye uzi huuhuu.
Kwa upande wako naomba uthibitisho wa kifungu cha bajeti kabla ya Jumatano jioni ili LPO itoke Alhamisi."

(CPA ni cheo cha mhasibu aliyesajiliwa, VRN ni namba ya usajili wa VAT, EFD ni mashine ya risiti za kodi, LPO ni hati ya kuagizia kazi.) Unaona ule mstari wa "ambacho bado sina"? Huo ndio unaomlainisha mtu wa namba kuliko salamu yoyote. Kitu kinachomtoa jasho ni kugundua mwenyewe kwamba karatasi haipo, ukimtangulia kusema anatulia. Na namba zioane. Kama kwotesheni inasema 4,720,000 na wewe kwenye imeili umeandika "kama milioni nne na nusu hivi" umeshapoteza, atarudi nyuma kukagua na vingine vyote vilivyokuwa sawa. Majina ya mafaili nayo, usimtumie "scan0047" tatu zilizofuatana, andika Kwotesheni A Jenereta, Kwotesheni B Jenereta, atakupenda. Faili likizidi MB 25 Gmail haitalibeba kama kiambatanisho, inakugeuzia linki ya Drive, sasa hiyo linki ifungulie ruhusa kabla hujatuma maana hakuna kinachomkera mtu kama kubonyeza saa 11 jioni akaambiwa aombe ruhusa kwako na wewe umeshapanda mwendokasi.

Jambo jingine la huyu mtu ni kalenda yake, na hapa ndio watu wanafeli kabisa. Tanzania PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa iwe imeingia ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ritani ya VAT ni tarehe 20. Ukimtumia imeili yako nzuri yenye mchanganuo tarehe 6 au 19 halafu unashangaa hajajibu, tatizo ni tarehe. Itume tarehe 9, utaona mtu tofauti.

Mtu wa stori

Mtu wa mauzo, wa mahusiano, mara nyingine HR mwenyewe. Huyu kwake imeili ni karatasi tu, mambo yanafanyika mdomoni. Mpigie kwanza, au mpitie mezani, mkimaliza kuongea ndio unaandika imeili fupi ya kuweka kumbukumbu, inaanza na "kama tulivyoongea". Usiruke hiyo ya pili, maana ana moyo mzuri sana wa kusema "usijali, nimekuelewa, hilo niachie" na analisema kwa dhati kabisa, ila kesho yake ameshaahidi watu wengine kumi.

"Dada habari za safari? Hongera kwa Mwanza, nimesikia wateja wamesaini.
Kama tulivyoongea, Jumamosi umeme utazimwa ofisi nzima saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, fundi wa jenereta anakuja. Najua timu yako Jumamosi huwa inapigia wateja simu. Naomba uwaambie wewe maana wewe ndiye wanayekusikiliza, na unitumie majina ya watakaofanyia kazi nyumbani kabla ya Alhamisi mchana niwaandalie modemu.
Ukitaka tuongee nipo."

Hongera iwe ya kweli. Kama hujui Mwanza waliuza au hawakuuza usiandike, hawa watu wana pua ya kunusa sifa za kupewa ili waombwe kitu. Na ombi liwe moja lenye tarehe, ukimpa orodha ya vipengele vitano atafanya kile kinachohusu kuongea na watu na vinne vitabaki.

Yule mkimya

Huyu ndiye anayeandikiwa vibaya kuliko wote, na kwa vile halalamiki hakuna anayejua. Ni msimamizi wa jengo, mtu wa stoo, karani wa miaka mingi, au kijana mmoja wa IT asiyeonekana kwenye sherehe. Anafanya kazi vizuri, hapendi kushtukizwa, hapendi kuitwa mbele za watu. Ukimtumia imeili ya bosi ("Jumamosi fundi anakuja, hakikisha chumba kiko wazi, asante") atajibu "sawa". Na hiyo sawa msomaji wangu usiipeleke benki. Inaweza kumaanisha nimekubali, inaweza kumaanisha nimesoma, na inaweza kumaanisha mmeshaamua bila mimi nitasema nini sasa.

Kwake andika hivi, tuseme ni mzee aliyekuzidi umri:

"Shikamoo mzee, natumaini umeamka salama.
Tunategemea fundi wa jenereta Jumamosi. Sijamthibitishia bado, nimeona nianze na wewe maana hiyo mashine wewe ndiye unayeijua.
Mpango ulivyo: anafika saa 3 asubuhi, umeme unazimwa, anafanya kazi mpaka kama saa 9. Akimaliza analiwasha mbele yako, linabeba mzigo nusu saa, ukiridhika ndio unasaini fomu yake. Funguo za chumba cha jenereta zinabaki kwako. Zamu za walinzi hazibadiliki. Masaa yako ya ziada ya Jumamosi nimeshayaweka kwenye fomu.
Kitu kimoja naomba nikusikie: dizeli iliyopo kwenye tanki tuitoe Ijumaa jioni au tumwachie fundi mwenyewe Jumamosi? Hakuna haraka, hata kesho jioni, au nitapita hapo kwako mchana."

Ni ndefu karibu mara mbili ya ile ya bosi na ndivyo inavyotakiwa. Kuna vitu ambavyo havibadiliki vimetajwa kwa makusudi, funguo, zamu, masaa ya ziada, kwa sababu mtu wa aina hii akisikia badiliko anaanza kuwaza yote yatakayoharibika, na hatakuuliza, atawaza tu. Swali lina machaguo mawili na linahusu kitu anachokijua kuliko wewe. Ukimwuliza "una maoni yoyote?" jibu ni hapana, hilo nakuhakikishia.

Halafu jifunze kusoma upinzani wake maana hauji kama upinzani, unakuja kama swali dogo pembeni. Akijibu "sawa, na mvua ikinyesha je?" wewe usiandike "haitanyesha mzee". Hapo amekwambia paa la chumba cha jenereta linavuja na alishaliripoti na hakuna aliyemsikiliza. Nenda ukaone hilo paa. Au anajibu "huyo fundi ni yuleyule wa mwaka jana?", basi mwaka jana kuna kitu kilitokea, mpigie au mfuate, usimhoji kwa maandishi.

Na CC. Jamani CC. Kuna watu wanamkumbushia mwenzao jambo dogo halafu wanamweka mkurugenzi, HR na meneja wake kwenye CC, wanasema ni uwazi. Kwa bosi wa haraka CC ni kelele tu ataifuta. Kwa mtu wa namba ni ushahidi, anaipenda kabisa. Kwa mkimya ni kushtakiwa, kesho atafanya ulichosema na kuanzia hapo hutapata tena kitu cha ziada kutoka kwake, utapata kilichoandikwa na nukta. Kosa lake mwambie peke yake, na kama ni kubwa acha imeili kabisa, kaa naye. Kazi nzuri aliyofanya pia usiitangaze kwa ofisi nzima kwa herufi kubwa, mwandikie yeye na meneja wake tu, mistari miwili, atakaa nayo muda mrefu.

Pale ambapo haiba haina kazi

Ukiandikia ofisi ya serikali sahau haya yote ya haraka na mkimya. Humwandikii mtu, unaandikia cheo. Barua inaenda kwa Mkurugenzi Mkuu au Katibu Mkuu hata kama unayemjua ni afisa wa chini aliyekupa imeili yake, ina Kumb. Na., ina Yah: kwa herufi kubwa, inaanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na inaisha "Naomba kuwasilisha". Unaisaini, unaipiga muhuri, unaiskani, unaiambatanisha, na mwili wa imeili unakuwa mistari miwili tu inayosema barua imeambatanishwa. Vijana wanaona ni mambo ya kizamani, lakini barua inaingia masjala, inawekwa kwenye faili, faili ndilo linalotembea kutoka meza hadi meza na kila mmoja anaandika maelekezo yake humo, sasa imeili yako ya "Habari kaka, kuhusu lile suala letu" itaingia faili gani? Baada ya hapo huyo afisa unayemjua ndio unampigia kumwambia barua imeshafika, na naye unampigia kwa haiba yake.

Vyeo vilevile. Mtu akijisaini Mhandisi, Wakili, Dkt. au CPA na wewe mwite hivyo mpaka akwambie acha. Gharama yake ni herufi chache, ukisahau itakugharimu wiki.

Na kama kwenye uzi kuna mtu wa makao makuu Ulaya au mgeni yeyote, saa uziandike kwa tarakimu za kimataifa, 09:00 saa za Afrika Mashariki. "Saa 3" yetu imeshawafanya watu wakaingia kwenye kikao saa 9 alasiri wakamkuta mlinzi.

Wote wanne kwenye uzi mmoja

Siku nyingi huna nafasi ya kuandika imeili nne, kuna moja ya wote. Ipange kwa tabaka. Juu kabisa mistari miwili ya bosi wa haraka: nini, lini, shilingi ngapi, anayetakiwa kuamua ni nani. Chini yake nani anafanya nini, kila mtu jina lake na tarehe yake mstari wake, ukiandika "naomba tushirikiane wote" hakuna atakayefanya. Chini zaidi mchanganuo na viambatanisho kwa mtu wa namba, yeye atashuka mpaka huko, wengine hawatafika na haina shida. Mtu wa stori utampigia simu ukishaituma. Mkimya umwone KABLA hujaituma, ili akifungua aone kitu ambacho tayari anakijua, hata ukiandika "mzee ameshauri dizeli itolewe Ijumaa" awe ameshakubali jina lake litokee.

Tabia ndogo ya kukusaidia, jina la unayemtumia liandike mwisho kabisa, ukishamaliza kila kitu, imeili isiyo na jina haiwezi kuponyoka. Na Gmail ina sehemu ya kurudisha imeili uliyotuma, kawaida sekunde 5 lakini kwenye mipangilio unaweza kuipandisha mpaka 30, ipandishe leo. Sekunde 30 zinatosha kugundua umemwandikia mzee "Habari yako" bila shikamoo.

Kukumbushia

Siku mbili zimepita hakuna jibu. Bosi wa haraka mkumbushie kwenye uzi uleule, mstari mmoja: "Mkurugenzi, fundi anasubiri jibu mpaka leo saa 10. Niendelee?" Wala usiombe radhi kumsumbua. Mtu wa namba usimkumbushie mikono mitupu, mpelekee kitu kipya, ile ripoti ya fundi uliyosema utaileta, halafu swali lako chini yake. Mtu wa stori mtumie sauti ya WhatsApp, sekunde ishirini, muulizie na mtoto. Mkimya usimkumbushie kwa imeili ya pili kabisa, hiyo ya pili anaisoma kama umekasirika, pita mezani kwake, uliza habari za nyumbani, kaa kidogo, mara nyingi ataanza mwenyewe: "nilitaka kukwambia kuhusu lile paa".

Halafu kumbuka watu wanabadilika na siku. Mtu wa stori mwisho wa mwezi akiwa hajafikisha target anakuwa wa haraka kuliko bosi, mwandikie mistari miwili tu. Bosi wa haraka akitoka kwenye bodi iliyombana maswali anakuwa mtu wa namba kwa wiki nzima, kila kitu anataka kuona kwotesheni, sasa hapo usimtumie tena ile ya "endelea", mpe ya mhasibu na mchanganuo wake wote.